Kusomea bahari ukiwa Murongo? Inawezekana, wadau!

Mdogo wangu yuko kidato cha nne na anataka kuachana na Biolojia. Nikamwambia ukiipenda unaweza hata kuwa mtaalamu wa viumbe wa bahari. Washikaji wakacheka mpaka basi: "Bahari gani Murongo, huu Mto Kagera?" Sasa leo nawajibu.

Mcheki David Obura, Mkenya anayefanya kazi Mombasa. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida na matumbawe mengi ya pwani yetu yakafa. Baada ya hapo ndiyo ikaanza CORDIO, na Obura akawa mkurugenzi mwanzilishi wa tawi la Afrika Mashariki.

Tumbawe si jiwe jamani, ni mnyama! Ndani yake unaishi mwani mdogo sana unaomlisha na kumpa rangi. Maji yakizidi joto mwani unatoka, tumbawe linabaki jeupe, na joto lisiposhuka linakufa kwa njaa. Hapo samaki wanakosa makazi na mvuvi anarudi mikono mitupu.

Kazi yenyewe ni ipi? Unazama na mtungi wa hewa mgongoni, unalaza tepu ya mita juu ya mwamba, unahesabu matumbawe hai na samaki. Unaandika kwa penseli. Baadaye unarudi palepale kuhesabu tena, miaka na miaka. Hesabu ya siku moja haisemi kitu, ya miaka mingi ndiyo inaonyesha kinachopungua. Kwa hesabu za namna hiyo, mwaka 2021 Obura na wenzake walitangaza kwamba miamba yote ya magharibi mwa Bahari ya Hindi iko hatarini kuporomoka ndani ya miaka 50, sababu ni joto na uvuvi uliopitiliza. Mwaka 2023 akachaguliwa mwenyekiti wa IPBES, jopo la kimataifa la bioanuwai. Kwa kuhesabu tu!

Sasa turudi kwetu. Kagera inaingia Ziwa Victoria. Kule sangara alipandikizwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zikapotea. Tumejuaje? Kuna watu pale Mwanza walikuwa wameshawahesabu furu kabla hawajapotea. Wasingehesabu, wangepotea kimyakimya tu. Kwa hiyo kazi ni ileile, maji ndiyo tofauti.

Njia zipo: chukua PCB au CBG, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kina Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Unguja tangu 1978. Ukiwa na cheti cha kidato cha nne, jaribu chuo cha uvuvi cha FETA Nyegezi, Mwanza. Ajira si nyingi, sitawadanganya. Ila kuzaliwa mbali na pwani siyo kizuizi.

Dogo bado hajaamua. Wadau mnamshauri nini? Mwageni maoni hapo chini, naomba kuwasilisha.