Kikombe cha Mtoto: Siku za Mzazi Abakiye Nyumbani Daraja Mbili

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi Julai, baridi ya Mlima Meru huwa imekwisha kushuka hadi kwenye mabati ya Daraja Mbili. Hiyo ndiyo saa aliyokuwa akiamka binti yangu, wakati huo akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Alikuwa akisimama kitandani, akinyosha mkono kukielekea kikombe chake cha plastiki, na kusema neno moja tu: "Maji." Kwa miezi minne mfululizo, aliyeuitika wito huo nilikuwa mimi.

Mimi ni daktari bingwa wa kinywa na meno ya watoto. Mwaka huo mke wangu alikuwa masomoni katika mkoa mwingine, na dada aliyekuwa akitusaidia kazi alirudi kwao kumuuguza mama yake. Nilichukua likizo yangu ya mwaka ya siku 28, kisha nikaomba likizo bila malipo. Tunaishi katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, yenye ua mmoja tunaoutumia pamoja na wapangaji wanne. Wiki ya kwanza majirani walidhani nimeachishwa kazi. "Daktari, leo tena upo tu nyumbani?" aliniuliza mmoja wao kwa upole. Neno lile "tu" lilinikaa moyoni, kwa sababu nalitambua. Nasi hospitalini, mzazi akijibu kwamba yeye ni mama wa nyumbani, huandika jibu hilo haraka na kupita swali linalofuata, kana kwamba ametuambia hana kazi.

Siku yenyewe

Aliyewahi kushinda na mtoto wa umri huo anaijua siku yenyewe. Baada ya maji huja uji wa ulezi, ambao nusu huingia kinywani na nusu hubaki kifuani. Kisha poti, kisha kufua, kisha kukimbizana uani. Miguu ya mtoto huyo humfikisha penye hatari kabla akili yake haijaitambua hatari. Jiko la mkaa la jirani, beseni la maji ya kufulia, chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa: vyote hivyo nilivisoma chuoni kuwa vyanzo vya ajali za watoto. Sikuwahi kufikiri kwamba vinaweza kukutana ndani ya hatua kumi na mbili, na kwamba mzazi anayepaswa kuvilinda ndiye huyohuyo anayepika, anayeanika nguo na anayehitaji kwenda chooni.

Mchana alilala saa moja, nami nikajaribu kufanya kazi za saa tatu. Alipoamka tulitembea uani nikimtajia vitu: jogoo, ndoo, kamba, mawingu. Naye alivirudia kwa namna yake, akacheka nilipomjibu. Wataalamu wa makuzi huyaita hayo malezi yenye mwitikio, na ni miongoni mwa mambo yanayoujenga ubongo wa mtoto katika miaka yake ya kwanza. Kwangu mimi, wakati ule, yalikuwa njia ya kuufikia usiku. Nilikuwa nimesema kutwa nzima bila kuzungumza na mtu mzima. Nilipojiuliza leo nimefanya nini, sikupata cha kuonyesha. Nguo zilizofuliwa asubuhi zilikuwa zimechafuka, na sufuria iliyosafishwa ilikuwa jikoni tena.

Swali la jirani

Katika wiki ya tatu maji ya bomba yalikatika kwa siku kadhaa. Nikanunua madumu ya lita 20 kwa kijana wa mkokoteni, kama walivyofanya wenzangu. Niliyachemsha vizuri, nikayapoza, nikayahifadhi katika ndoo yenye mfuniko. Nilijiona mzazi makini. Bomba liliporudi niliendelea kuyanunua, kwa kuwa yalikuwa yakifika mlangoni na mtoto alikuwa mgongoni.

Mpangaji mmoja, mama aliyezaliwa na kukulia kwenye miteremko ya Meru, alinitazama siku hiyo nikimimina maji katika sufuria ya uji. "Baba," akasema, "maji ya huyu kijana unajua yanakotoka?" Kisha akaniinulia mdomo wa juu kwa kidole. Meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia, yenye vishimo. "Mama yangu hakuna aliyemwambia," akamaliza.

Mimi niliyekuwa nikiwaambia wazazi jambo hilo kila wiki, nikiwa nimevaa koti jeupe, sikuwa nimeuliza. Nilipeleka chupa moja ya maji yale maabara. Floraidi yake ilizidi kiwango salama, tena si kwa kidogo. Binti yangu alikuwa ameyanywa, na kuliwa uji uliopikwa kwayo, kwa zaidi ya mwezi mmoja.

Jino linalojengwa gizani

Floraidi ni madini ya asili. Ikiwa kidogo husaidia kuzuia meno kuoza. Ikizidi hulidhuru jino linalojengwa. Meru ni mlima wa volkano, na miamba yake ina floraidi nyingi ambayo huyeyuka katika maji yanayopita ndani yake. Ndiyo maana baadhi ya chemchemi, mito na visima vya Arusha na Arumeru vina kiasi kikubwa cha madini hayo, huku chanzo kingine kisicho mbali kikiwa salama. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa sababu ya uhaba wa maji yenye floraidi kidogo, iliruhusu kwa miaka mingi hadi miligramu 4, na sasa viwango vyetu navyo vimeshuka hadi 1.5. Macho na ulimi havisaidii hapa, kwa kuwa maji yenye floraidi nyingi yanaweza kuwa meupe na matamu kama mengine.

Mzazi anahitaji kuelewa jambo moja kuhusu wakati. Mtoto anapokuwa na meno yake ya utotoni kinywani, meno ya kudumu yanajengwa ndani ya taya, mahali asipopaona mtu. Kwa meno mawili ya mbele ya juu, yale yanayoonekana kwanza mtu anapocheka, kipindi chenye hatari kubwa zaidi ni miaka mitatu ya mwanzo, hasa mwaka wa pili na wa tatu. Floraidi ikizidi wakati huo, enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, haikomai ipasavyo. Jino huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hadi minane, likiwa na mistari myeupe, madoa ya kahawia au vishimo. Mswaki hauyaondoi madoa hayo, wala hayakuletwa na uchafu. Nimewatibu watoto waliochapwa kwa "kutopiga mswaki", na vijana wanaocheka wakiwa wamefunika mdomo kwa kiganja. Wanaokunywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi huweza kudhurika hata mifupa.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa mtoto wa Meru, kikombe anachonyweshwa akiwa na miezi ishirini kitaonekana katika tabasamu lake akiwa darasa la pili. Kazi ya anayebaki nyumbani haina cha kuonyesha jioni kwa sababu sehemu kubwa ya matunda yake huiva baada ya miaka.

Yanayowezekana

Kuchemsha maji ni lazima, kwa kuwa huua vimelea vya kuhara na homa ya matumbo. Lakini hakuondoi floraidi. Maji yakichemka kwa muda mrefu na kupungua, floraidi hubaki katika maji machache zaidi, na kiwango chake hupanda. Sisi watumishi wa afya tumelifundisha neno "chemsha" vizuri mno, hata mzazi akaamini kwamba akishachemsha amemaliza.

Mzazi hahitaji kubadili maji ya nyumba nzima. Kufua, kuoga na kudeki hakuna shida. Kinachohitajika ni ndoo moja ndogo yenye mfuniko, ya maji ya mtoto ya kunywa na kupikia uji na chakula chake. Iwekwe maji kutoka chanzo kilichopimwa, au maji ya mvua, ambayo huwa na floraidi kidogo sana: acha mvua za kwanza zioshe bati, kisha kinga, na uyachemshe. Ukinunua ya chupa, soma kiasi cha floraidi kwenye lebo. Upo pia uchujaji kwa mkaa wa mifupa, ambao umekuwa ukifanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Arumeru. Mkaa huo huchoka, na usipobadilishwa kwa wakati huacha kufanya kazi.

Magadi tunayotia katika makande ili maharage yaive upesi huweza kuwa na floraidi nyingi. Utafiti katika kata ya Maji ya Chai umeonyesha mchango wake. Loweka maharage usiku kucha badala yake, au pika ya mtoto kando. Chai nayo ina floraidi, na hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, hivyo si kinywaji cha mtoto mdogo. Anayenyonya aendelee hadi miaka miwili na zaidi, kwani maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo mno hata pale mama anapokunywa maji yenye floraidi nyingi. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele, mzazi apige mswaki mwenyewe na kufuta povu.

Kwa wenzangu wa kliniki ya mama na mtoto nina ombi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, inatutaka tumtazame mtoto mzima: afya, lishe, usalama, ujifunzaji na malezi yenye mwitikio. Hayo yote hupita katika mikono ya mtu mmoja aliyechoka. Mtoto akishapimwa uzito, tumwulize aliyemleta: mchana nani hukaa na mtoto? Maji yake hutoka wapi? Na wewe mwenyewe, unalala? Maswali hayo matatu huchukua dakika mbili. Jibu la la pili huweza kuokoa tabasamu, na la tatu huweza kutuonyesha mzazi anayehitaji msaada kabla hajazidiwa.

Nilirudi kazini mwezi Oktoba. Katika fomu zangu, mbele ya kazi ya mzazi, siku hizi naandika "analea", kisha nauliza siku yake ikoje. Jirani yangu amepata mjukuu, na ndoo yake ndogo yenye mfuniko iko juu ya meza, mbali na mikono ya watu.

Binti yangu sasa ana miaka mitano. Meno yake ya kudumu ya mbele bado hayajaota. Mwezi mmoja ni muda mfupi, na madhara ya floraidi hutegemea kiasi na urefu wa muda, kwa hiyo nina matumaini. Lakini kila anapocheka namtazama kinywani, nami nasubiri kama mzazi mwingine yeyote wa Daraja Mbili.