Jike Asiposhika Mimba, Mchunguze Dume

Huku Homa Bay, kuanzia Ndhiwa na Rangwe, na hata Awendo jirani, nguruwe jike akirudi kwenye joto siku 21 baada ya kupandwa, lawama humwangukia yeye, na akirudia mara ya pili huishia kwa mchinjaji. Dume aliyempanda haulizwi. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haraka mno. Jike tasa ni hasara ya boma moja, lakini dume mwenye mbegu dhaifu huacha hasara katika kila boma analohudumia, na kwa wafugaji wadogo dume mmoja huhudumia kijiji.

Jambo linalosahaulika ni muda. Korodani za nguruwe huchukua takriban siku 40 kutengeneza mbegu, kisha mbegu hizo huhitaji kama siku kumi nyingine kukomaa kabla ya kutoka. Kwa hiyo dume anayepanda leo anatumia kile alichokula, na joto alilovumilia, wiki saba zilizopita. Kumwongezea chakula wiki ya kupanda ni kuchelewa. Nguruwe hatoki jasho la kutosha kujipoza, na katika tambarare za ufuo wa Ziwa Victoria mchana hufika nyuzi 30. Dume aliyekosa kivuli na maji mwezi Januari anaweza kuonekana mzima kabisa Machi, huku mbegu zake zikiwa hafifu. Homa kali humwathiri vivyo hivyo.

Chakula nacho kina hila zake. Viazi vitamu na muhogo humpa nguvu, ila protini yake ni ndogo. Dume mzima anahitaji kilo 2 hadi 2.5 kwa siku za chakula chenye protini ya asilimia 14 hivi, pamoja na zinki, seleniamu na vitamini E. Omena iliyovunjikavunjika, isiyofaa mezani, inaweza kuziba pengo la protini. Akinenepa kupita kiasi, huwa mzito, miguu humuuma na hamu ya kupanda hupungua. Kibaya zaidi ni mahindi yenye kuvu ambayo watu hukataa kuyala wakamtupia nguruwe: baadhi ya kuvu hutoa sumu inayofanya kazi kama homoni ya kike.

Wapo watakaosema kwamba madume wanaozurura huzaa bila kulishwa. Ni kweli huzaa, lakini macho huona mimba zilizoshika tu. Nakubali kwamba nguruwe wa kienyeji kwa asili huzaa watoto wachache, hivyo si kila uzao mdogo ni kosa la dume. Hata hivyo, kuzurura hakumruhusu mfugaji kujua nani kampanda nani, wala kumzuia dume wa miezi sita, aliyebalehe lakini hajakomaa, asitumike ovyo. Afadhali aanze akiwa na miezi minane, mara moja au mbili kwa wiki. Tena kuzurura humweka nguruwe katika hatari ya tegu: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta dalili za tegu katika damu ya karibu theluthi moja ya nguruwe waliopimwa Homa Bay.

Gharama? Maboma yanayomtumia dume mmoja yachangie chakula chake. Abadilishwe kabla binti zake hawajafika umri wa kupandwa. Kwa kuwa homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, dume mgeni atengwe mwezi mzima kwanza, na mwezi huo uhesabiwe ndani ya zile wiki saba za kumlisha vizuri.