Kuchagua Programu ya Nakala Rudufu kwa Ofisi Yenye Mifumo Tofauti

Ofisi nyingi hutumia kompyuta za Windows mezani, seva ya Linux na pengine Mac moja au mbili. Muuzaji wa programu ya nakala rudufu atakuhakikishia kuwa bidhaa yake inakubali mifumo yote. Kauli hiyo pekee haitoshi, kwani unacholipia si kunakili, bali ni kurejesha.

Katika Linux, kwa mfano, kila faili lina mmiliki na ruhusa zake. Programu isiyohifadhi taarifa hizo itarudisha mafaili yote, lakini huduma zinazoyategemea huenda zisiwake. Hifadhidata nayo, ikinakiliwa kama faili la kawaida huku watu wakiendelea kuitumia, yaweza kurudi ikiwa imeharibika. Kwa hiyo tunakushauri, kabla ya kusaini mkataba, udai jaribio la kurejesha kwa kila mfumo ulio nao, kwenye mashine tupu, nawe ukishuhudia. Muuzaji anayesitasita hapo, tunaona amekwisha kujibu.

Uliza pia kama leseni huhesabiwa kwa idadi ya mashine au kwa ukubwa wa data, maana data huongezeka kila mwaka.

Nakala moja ikae nje ya mtandao wa ofisi. Kirusi cha WannaCry, kilichoenea Mei 2017, kilifunga mafaili ya kompyuta pamoja na ya diski zilizounganishwa nayo. Na nywila ya kufungulia nakala isihifadhiwe ndani ya kompyuta ileile inayolindwa.