Silabi na Mkazo wa Sauti

Mwalimu wa darasa, shika chaki.

Leo tutajifunza mahali pa kukaza sauti katika neno. Kwanza tugawe maneno katika silabi. Silabi ni kipande cha neno kinachotamkwa kwa mara moja. Pigeni kofi moja kwa kila silabi. Ja-nga: makofi mawili. Ki-ba-ha: matatu. Ki-sa-ra-we: manne.

(Nafasi ya kupiga makofi.)

Sasa hesabuni kutoka mwisho. Silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo yenye mkazo: JA-nga, Ki-BA-ha, Ki-sa-RA-we. Hata m peke yake yaweza kuwa silabi. Semeni M-tu. Mkazo uko kwenye m.

Neno likiongezwa kipande mwishoni, mkazo huhama. Semeni: SO-ma, so-ME-sha, m-so-MA-ji. Tena: SHA-mba, sha-MBA-ni.

Maneno machache hayafuati kanuni hii. Sikilizeni. Ba-ra-BA-ra ni njia kubwa. Ba-RA-ba-ra ni sawasawa, vizuri kabisa. Maandishi yake ni yale yale. Wenye lugha ya Kihispania huweka alama juu ya herufi. Kule Amerika ya Kusini, papa bila alama ni kiazi, na papá mwenye alama ni baba. Sisi hatuna alama hiyo. Msomaji hutazama maana.

Tuseme barua imeletwa Janga, nawe umeombwa uwasomee wenzako. Imeandikwa: "Kisima kimeharibika. Jumamosi tengenezeni barabara." Ukisoma ba-ra-BA-ra, watu watakwenda njiani na majembe, na kisima kitabaki kibovu. Rudi kwenye sentensi ya kwanza. Inataja nini? Inataja kisima. Basi soma ba-RA-ba-ra: kisima kitengenezwe vizuri.

Kwa hiyo, usikimbilie kusoma kwa sauti. Pitisha macho kwanza, uelewe, kisha uwasomee wenzako.

Kazi ya nyumbani. Andikeni maneno haya: lima, limisha, mkulima, kilimo. Yagaweni katika silabi, kisha pigeni mstari chini ya silabi yenye mkazo. Mwisho, kila mtu agawe jina lake mwenyewe.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.