Jina Ralph: Asili, Matamshi na Funzo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Hata hivyo, jina hufifia iwapo anayelitaja hajui linavyotamkwa. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea lugha inayoandikwa kwa kufuata matamshi yake, hutatizika anapokumbana na majina ya Kiingereza ambayo maandishi yake ni kitu kimoja na matamshi yake ni kitu kingine. Mfano bora ni jina la kiume Ralph. Mtunzi wa muziki wa Uingereza, Ralph Vaughan Williams (1872–1958), aliitwa "Reif". Mwanadiplomasia wa Marekani, Ralph Bunche, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 1950, aliitwa "Ralf". Je, ni nani kati yao aliyetamkwa visivyo? Makala haya yanabainisha kuwa majina yote mawili yalitamkwa sahihi, kila moja kwa sababu yake.

Tukianza na asili, jina hili ni muungano wa maneno mawili ya Kijerumani cha kale. La kwanza lina maana ya shauri, na la pili lina maana ya mbwa mwitu. Waingereza wa kale walikuwa na Rædwulf, nao Waskandinavia walikuwa na Ráðúlfr. Wanormani waliotoka Ufaransa na kuiteka Uingereza mwaka wa 1066 ndio waliolieneza. Katika sensa ya ardhi ya mwaka wa 1086, ijulikanayo kama Domesday Book, jina hili limeandikwa mara nyingi kwa umbo la Kilatini, Radulfus.

Midomoni mwa watu, umbo hilo halikudumu. Kwanza, sauti "d" iliyokuwa baina ya irabu ilidondoshwa, likabaki Raulf. Pili, sauti "l" ilitoweka mbele ya "f", kama ilivyotoweka katika maneno ya Kiingereza "half" na "calf", ambamo herufi ingalipo lakini haisikiki. Likawa Rauf. Tatu, irabu "au" iligeuka "a" ndefu, na katika mageuzi makuu ya irabu za Kiingereza "a" hiyo ikaishia kutamkwa "ei". Njia hiyo hiyo ilipitiwa na neno "safe", lililotokana na "sauf" la Kifaransa. Hivyo basi, "Reif" si madaha ya watu wa tabaka la juu. Ni zao la kanuni za kifonolojia.

Tahajia nayo ilishika njia yake. Katika karne ya 16 na ya 17, wengi waliandika Rafe, walivyosikia. Baadaye, umbo Ralph lilitawala. Herufi "l" ilirejeshwa kwa kuiga Kilatini, na "ph" ikaletwa kwa kuiga maneno ya Kigiriki, ilhali jina lenyewe halina nasaba ya Kigiriki. Vizazi vilivyofuata vilisoma kwa macho badala ya kurithi kwa masikio, likazuka tamko "Ralf", ambalo ndilo lililoenea Marekani.

Ithibati nyingine ya tamko la zamani inapatikana katika vina. Katika mchezo wa kuimbwa H.M.S. Pinafore (1878) wa Gilbert na Sullivan, jina Ralph limewekewa kina na neno "waif". Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba kina ni shahidi wa sauti hata pale ambapo maandishi yanaficha.

Hapa pana tahadhari. Umbo Rauf lafanana mno na Raufu, jina litumikalo katika pwani yetu. Hili la pili ni la Kiarabu, lenye maana ya mpole au mwenye huruma. Mfanano huo ni wa sadfa tu. Anayetafuta asili ya neno kwa kulinganisha sura pekee, bila kufuata historia ya sauti, hupotoka.

Je, mageuzi haya ni kioja cha Kiingereza pekee? La hasha! Waganda husema "enjala", nasi twasema "njaa". Kiswahili pia kimeidondosha "l" ya kale. Tofauti ni kuwa Kiswahili kiliidondosha katika maandishi vilevile. Laiti tungefuata desturi ya Kiingereza, tungeandika "njala" na kusoma "njaa", na wageni wangetucheka.

Funzo kwa watangazaji, wafasiri na walimu ni bayana. Jina la mtu liandikwe kama mwenyewe alivyoliandika, na litamkwe kama mwenyewe alivyolitamka. Mkewe Vaughan Williams, Ursula, alieleza kuwa mumewe alikasirishwa na tamko jingine lolote. Bunche naye, aliyefunzwa Kiswahili na Jomo Kenyatta jijini London mwaka wa 1937, hakuwa Reif hata siku moja. Sisi tunaokereka majina yetu yanapoumbuliwa na wageni hatuna budi kuwatendea wengine tunavyotaka kutendewa. Kuuliza jina la mtu linavyotamkwa si ujinga, ni heshima.