KIBARUA CHA RANCHI WAKATI WA KIANGAZI

Mwezi wa Juni masika yamekwisha. Majani ya rweya yanakauka. Ng'ombe wanatafuta malisho mbali. Ndipo vijana wetu wa Muleba na Bukoba huitwa kuswaga ng'ombe mpaka ranchi na kuwachunga huko, hadi mvua zirudi Septemba.

Ranchi hizo tunazijua. Kagoma iko wilaya ya Muleba. Mabale na Missenyi ziko wilaya ya Missenyi, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Bukoba. Ni ranchi za taifa, chini ya NARCO. Katika miaka ya 2000 sehemu za ranchi hizo ziligawanywa kuwa vitalu, na wananchi wakakodishwa. Kwa hiyo tajiri wako anaweza kuwa kampuni, au mwenye kitalu. Ujue ni nani kabla ya kufunga mzigo.

Katika nchi kama Marekani wachungaji huhamia ranchi na farasi. Huku kwetu tunakwenda kwa miguu. Sababu moja ni mbung'o. Farasi akiumwa na mbung'o hupata nagana, na nagana humuua upesi. Ng'ombe wetu huvumilia kidogo zaidi, lakini naye hukonda, huishiwa damu, hutupa mimba, na asipotibiwa hufa.

KABLA YA KUONDOKA

Kwanza, mapatano. Maneno ya mdomo huliwa na upepo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akuandikie mambo haya: kazi yenyewe, mahali pa kazi, siku ya kuanza, muda wa kazi, saa za kazi, na malipo. Kama mapatano ni pamoja na maziwa, posho au ndama, nayo yaandikwe. Usipoelewa maandishi, sheria inamtaka mwajiri akuelezee mpaka uelewe. Basi usione haya kuuliza. Soma, uliza, kisha tia sahihi. Nakala moja ibaki kwako.

Tena, mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Tusimtoe darasani tukampa fimbo ya kuchungia.

Pili, kibali. Ng'ombe hawahamishwi bila kibali cha bwana mifugo. Wengine hulalamika kwamba kibali ni usumbufu. Sivyo. Ng'ombe mmoja mwenye homa ya mapafu, au ugonjwa wa miguu na midomo, anaweza kuambukiza mifugo ya njia nzima. Kibali ni ngao ya jirani, na ni ushahidi kwamba hukuiba.

Tatu, kupe. Ndigana kali huletwa na kupe. Dalili zake ni homa kali, matezi kuvimba chini ya masikio, na kupumua kwa shida. Ng'ombe aliyekulia mahali pasipo na kupe wengi huugua vibaya akifika penye kupe. Ogesha ng'ombe kabla ya safari, na uendelee kuogesha huko kama bwana mifugo anavyoelekeza. Iko pia chanjo ya ndigana kali. Uulizie mapema, maana kinga haiji siku ile ile ya sindano.

NJIANI

Tembeeni asubuhi na mapema. Jua likiwa kali, pumzikeni kivulini. Wakati wa joto ng'ombe mmoja mkubwa huweza kunywa lita 30 za maji au zaidi kwa siku, hivyo ulizeni maji yako wapi kabla ya kufika. Mwendo uwe wa ndama na wenye mimba, usiwe wa fahali. Msipite katika mashamba ya watu.

AFYA YAKO

Mbung'o humletea binadamu malale. Mbung'o huvutwa na nguo za buluu na nyeusi. Vaa nguo za rangi hafifu, za mikono mirefu. Ukipata homa na kichwa kikali, usijinunulie dawa dukani na kungoja. Nenda hospitali, useme wazi: "Nilikuwa porini penye mbung'o." Maneno hayo yanamsaidia mganga apime malale pia, siyo malaria tu. Malale yasipotibiwa huua.

KALAMU YAKO

Ugomvi mwingi kati ya mchungaji na tajiri huanzia kwenye hesabu. Nunua daftari. Kila jioni andika tarehe, ng'ombe waliozaliwa, waliokufa na waliobaki. Tuseme mlipokea ng'ombe 40. Wamezaliwa 3, amekufa 1. Basi 40 na 3 ni 43. Toa 1, wanabaki 42. Akifa ng'ombe, mwite msimamizi aone, naye atie sahihi siku hiyo hiyo. Andika pia kila malipo unayopokea.

Tajiri akikataa kukulipa, nenda kwa afisa kazi na karatasi ya mapatano na daftari lako. Asiye na maandishi atabaki kuapa tu.

Ndugu zetu, kisomo tulichopata si cha kusoma mabango tu. Ni cha kulinda jasho letu.

MASWALI YA KUJADILI
1. Mapatano ya kazi yaandikwe mambo gani?
2. Kwa nini tusihamishe ng'ombe bila kibali?
3. Mlipokea ng'ombe 65. Wamezaliwa 6, wamekufa 2. Wamebaki wangapi?