Kizimkazi Miongoni mwa Vivutio vya Utalii Kisiwani Unguja: Msikiti wa Kale na Pomboo

Makala haya yanafafanua nafasi ya Kizimkazi katika utalii wa Unguja. Wageni wengi huzuru kwanza Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kisha huelekea kusini kuwatazama pomboo wa Kizimkazi. Aghalabu huupita Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ingawa maandishi ya Kikufi kwenye kibla chake yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Msikiti huo ungali ukitumiwa kwa ibada; hivyo mgeni hana budi kuomba ruhusa, kuvaa mavazi ya stara na kuvua viatu. Pomboo nao wanahitaji staha. Zamani wavuvi waliwawinda ili kupata chambo cha papa, ilhali sasa huwapatia wenyeji riziki wakiwa hai. Hata hivyo, boti nyingi zinapowaandama, huwakosesha nafasi ya kupumzika na kunyonyesha. Eneo la Hifadhi ya Ghuba ya Menai lilianzishwa mwaka 1997, lakini ulinzi wa kila siku umo mikononi mwa nahodha anayeamua kuzima mashine au kuwafukuza. Kwa hiyo, kudumu kwa vivutio hivi kunategemea zaidi mwenendo wa wanaovifikia kuliko wingi wao.